Tulivyokesha Magomeni tukisubiri gari lipae angani

Mimi kazi yangu ni kusubiri. Nafanya na kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, magari hasa, IST, Vitz, Noah za watu waliojinyima miaka, gari linatoka Japan kwenye meli na sisi tunashughulika na makaratasi mpaka litoke getini. Watu wanadhani kazi yenyewe ni makaratasi, wapi, kazi yenyewe ni kupokea simu. Meli imefika? Imefunga gati? Mbona ulisema Ijumaa? Kwa hiyo kwenye mambo ya kusubiri mimi najiona mzoefu kabisa, ila usiku ulionifundisha zaidi wala sikua bandarini, nilikua kijiweni kwetu Magomeni nakunywa kahawa na tulikua tunasubiri gari vilevile, tofauti yake hili lilikua linaondoka, tena kwa kwenda juu.

Ilikua Jumanne, tarehe 6 Februari 2018. Fundi simu wa mtaani, ambae ni mshkaji wangu, alikua ametuchosha masikio wiki nzima na habari za roketi ya Falcon Heavy ya hao SpaceX wa Elon Musk, kwamba inarushwa mara ya kwanza kabisa kule Kennedy Space Center, Florida, na kwamba mzigo wake ni gari. Kijiwe kizima tukajua anatupiga kamba. Akatoa simu akaonyesha picha, Tesla Roadster nyekundu, gari la bosi mwenyewe alilokua analiendesha, usukani kushoto, na kwenye siti ya dereva wameweka sanamu kama zile za maduka ya nguo Kariakoo, wamelivalisha suti ya wanaanga, mkono mmoja kwenye usukani mwingine umeegeshwa mlangoni kama jamaa anayekula upepo Barabara ya Bagamoyo Jumapili jioni. Kioo cha dashibodi kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba tulia usipaniki. Na juu ya dashibodi kuna kagari kadogo ka kuchezea, nako kana dereva wake mdogo.

Mangi wa duka la pembeni swali lake lilikua moja tu, limelipiwa ushuru?

Aisee nilicheka maana ndo swali nililokua nalo mimi. Kwenye hati ya mzigo unaandika nini hapo, mpokeaji hakuna, bandari ya kushushia hakuna, gari halina plate namba, halirudi. Kwa jicho la kazi yangu ule ulikua mzigo wa ajabu kuliko wote niliowahi kuusikia, na nimeshaona mtu anaingiza gari limejaa ndani vyombo, magodoro na baiskeli ya mtoto.

Sasa watu wakaanza kulaumu, na lawama yenyewe haikua ya kijinga. Babu mmoja pale, mzee wa Unguja aliyehamia Dar zamani, akasema hiyo ni kufuru, kama unalo gari hulitaki si umpe mtu. Mwingine akasema basi wangepakia hata setilaiti ya kutusaidia intaneti huku bando lishuke bei. Hapo fundi simu akawa kama kapewa pasi golini. Akasema hiyo setilaiti mnayoitaka ilikuwepo. Inaitwa Amos-6, Facebook walikua wamekodi sehemu yake ili watoe intaneti kwa nchi za Afrika, na tarehe 1 Septemba 2016 ikiwa imeshafungwa juu ya roketi ya SpaceX hukohuko Florida, hata siku ya kurushwa haijafika, wanajaza tu mafuta kwa ajili ya kujaribu injini, roketi ikalipuka na setilaiti ikateketea juu yake. Tena siku hiyo Zuckerberg mwenyewe, bosi wa Facebook, alikuwepo Nairobi. Kijiwe kikanyamaza kidogo, maana hapo kila mtu akaona mwenyewe kwamba roketi mpya kabisa huipandishii mali ya watu. Kawaida ya majaribio kama hayo unaweka juu tofali la zege au chuma, kitu kizito kisichomuuma mtu kikipotea. Hawa wakaona zege linaboa, wakaweka gari. Na hawakuanzia hapo, mwaka 2010 chombo chao cha Dragon kiliporuka mara ya kwanza kilibeba jibini, duara zima la jibini, likazunguka dunia likarudi.

Kwa uzito pia gari halikua kitu. Roketi yenyewe ina mita 70 kwenda juu na ina uwezo wa kupandisha zaidi ya tani 60 kwenye mzunguko wa karibu na dunia, gari lile halifiki hata tani moja na nusu. Ni Fuso zima limetoka Ilula na ndoo moja ya nyanya.

Kilichonivuta mimi sio gari lakini, ni maneno ya bosi wao. Mwaka 2017 mwezi wa saba alisimama mbele ya watu akasema uwezekano wa hii roketi kutofika kwenye mzunguko ni mkubwa, na kwamba ikisogea tu mbali na pale inaporukia bila kupaharibu, yeye atahesabu ni ushindi. Hebu fikiria fundi gari anakwambia hivyo. Mimi simpendi sana yule bosi, maneno mengi, na tarehe zake sizinunui hata kwa mkopo, roketi hiyohiyo aliitangaza 2011 akasema 2013 itakua inaruka, imekuja kuruka 2018, hakuna mteja wangu wa Noah aliyewahi kusubiri hivyo na kama angekuwepo angeshanifikisha polisi. Ila siku ilipokaribia hakudanganya kuhusu hatari. Na hatari ilikuwepo kweli. Chini kuna injini 27, roketi tatu za Falcon 9 zimefungwa pamoja, kila moja na injini tisa, na zote inabidi ziwake kwa mpangilio bila hata moja kuleta mambo yake. Wasovieti waliwahi kujenga roketi yao ya kwenda mwezini, N1, injini 30 chini, wakairusha mara nne kati ya 1969 na 1972 na mara zote nne ikafeli, moja iliangukia palepale iliporukia ikapasambaratisha. Na hawa wanarukia kiwanja namba 39A, kilekile walichoondokea Apollo 11, wale watu wa kwanza kutua mwezini.

Af kuna hii, roketi mbili za pembeni zilikua mitumba. Sitanii. Zote mbili zilishatumika 2016, moja ilipeleka setilaiti ya Thailand na nyingine ilipeleka mzigo kwenye kituo cha anga cha kimataifa, zikarudi chini zikatua, zikakarabatiwa. Fundi simu alipotaja hilo Mangi akasema sasa hapo mmeniingia, kitu yuzd kikipimwa vizuri hakina shida, na akaweka dau kwamba inapita. Dogo wa bodaboda akasema inalipuka. Dau lilikua atakayeshindwa analipia kahawa ya kijiwe kizima na kashata juu.

Muda uliopangwa kwa saa zetu ilikua kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka saa sita kamili. Ukipita huo basi mpaka kesho yake. Fundi simu akaleta leptopu, akaiweka juu ya kreti la soda, intaneti tukachangia bando la simu yangu na la Mangi kwa zamu, sabufa ndogo ya dukani ikaunganishwa. Watu wanaopita wanadhani ni mechi, wanasimama, wanauliza ngapi ngapi, wakiambiwa tunasubiri gari lipae wengine wanaondoka wanatikisa kichwa, wengine wanavuta benchi.

Saa tatu na nusu ikafika. Hamna kitu. Imesogezwa mbele. Tukaongeza kahawa. Ikasogezwa tena. Dogo wa boda akaanza, nimewaambia hao wazungu wanaogopa. Na hapa ndo nikaanza kuchukulia jambo lenyewe kwa uzito, maana mimi nimezoea kusogezewa, ila kule kila waliposogeza walisema sababu, na sababu ilikua upepo. Sio upepo wa chini, chini hali ya hewa ilikua safi jua linawaka (kule ni mchana), ni upepo wa juu huko unaobadilika kasi na mwelekeo kadri unavyopanda, roketi ndefu ikipita humo inaweza kusukumwa kiasi ambacho haikutengenezewa. Wanarusha maputo ya kupima, wanasoma namba, wanasema bado. Basi. Hakuna mtu anayekwambia njoo kesho.

Ukishajua unachosubiri, kusubiri kunabadilika kabisa. Tulipokua tunasubiri roketi tulichoka ndani ya nusu saa. Tulipoanza kusubiri upepo upungue, kijiwe kizima kikageuka wataalam wa hali ya hewa, muuza kahawa ambae alikua hajasema neno usiku mzima akasema kusi ikivuma vibaya hata mashua ya Zanzibar hailazimishwi, inasubiriwa. Watu wakatikisa kichwa kukubali. Hata yule dogo alitulia.

Katikati hapo umeme ukakatika, sabufa ikazima, leptopu ikabaki na chaji yake, na kwenye lile giza babu wa Unguja ndo akafungua stoo yake. Akasema nyie mnashangaa ya Florida, Wamarekani walikua na kituo chao Unguja hukohuko cha kufuatilia vyombo vya anga. Dogo akamwambia babu acha bwana. Kumbe kweli! Wakati wa Mercury, mradi wa kwanza wa Wamarekani wa kurusha watu angani, kituo kimoja kwenye ule mnyororo wao wa kuzunguka dunia kilikua Zanzibar, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mwezi wa pili 1962 aliongea na watu wa kituo hicho akiwa anapita juu. Kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Babu alikua mtoto, anachokumbuka ni magari yao tu na jinsi watoto walivyokua wanayakimbilia. Mimi nikachomekea ya kwangu niliyowahi kuisoma, kwamba Malindi hapo juu Waitaliano walikua na jukwaa lao baharini, San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa toka pale setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei toka kwenye nyota, wakaiita Uhuru kwa sababu siku ile ilikua sikukuu ya uhuru wa Kenya. Setilaiti ina jina la Kiswahili, imetokea pwani yetu hii, na shuleni hakuna aliyewahi kunitajia, jambo ambalo mpaka leo linanikera kuliko bei ya bando.

Ilipokaribia saa tano fundi simu akapiga kelele, wanajaza! Akatuelezea kwamba hawa oksijeni yao, iliyogeuzwa kua kimiminika, wanaipoza sana, zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, na ukishaijaza huwezi kukaa nayo kwenye tangi unapiga stori, inapata joto inatanuka. Kwa hiyo wakianza kujaza ujue wameamua. Mafuta yenyewe ni jamii ya mafuta ya taa, yamesafishwa sana tu. Muda mpya ukawekwa, saa sita kasorobo. Robo saa kabla ya mlango kufungwa. Wakikwama hapo hakuna nafasi nyingine kwa siku hiyo.

Mimi zile dakika za mwisho siwezi kuzisimulia vizuri maana bando langu liliisha dakika kama nne kabla ya sifuri, Mangi akawa anatafuta nenosiri la simu yake kwenye giza, watu wanamtukana matusi ya kirafiki, babu anasema subhanallah taratibu jamani, picha ikarudi imebaki sekunde chache. Kule kwenye ile matangazo ya laivu zaidi ya watu milioni 2 walikua wanaangalia kwa pamoja na nina uhakika wachache sana walikua gizani juu ya kreti la Pepsi. Moto. Moshi mweupe pande mbili. Kwa sekunde moja hivi mdude haukusogea, nikamuona dogo wa boda anafungua mdomo aseme nilisema, af ukaanza kupanda.

Hakuna aliyekaa chini tena. Watu wanahesabu injini kama wanaziona. Kama dakika nane baadae zile mbili za mitumba zikarudi, pamoja, zikashuka na moto chini na miguu ikafunguka zikatua Cape Canaveral karibu kwa wakati mmoja, na Mangi akakimbia kuzunguka duka lake akipiga kelele yuzd! yuzd! mpaka mke wake akatoka kuuliza kuna mwizi? Mimi nimeangalia mambo mengi kwenye simu ila ile ya roketi mbili kutua pamoja nilihisi kabisa macho yanadanganywa. Halafu wakaonyesha gari. Kifuniko kimetoka, jamaa kakaa na mkono wake mlangoni, mziki unapigwa, na nyuma yake dunia nzima ya bluu. Babu aliangalia muda mrefu, akasema, haya, lakini wangempa mtu.

Ile roketi ya katikati nayo ilitakiwa itue baharini, juu ya meli. Kamera ya meli ikaonyesha moshi, picha ikakata, watangazaji hawakusema kitu cha kueleweka. Tukaenda kulala. Asubuhi tukasikia kwamba iliishiwa kile kimiminika cha kuwashia injini, kati ya injini tatu za kutulia ikawaka moja, ikapiga maji kwa kasi ya kama kilomita 480 kwa saa umbali wa mita kama 100 toka kwenye meli. Bosi alisema hadharani, akataja na sababu, maisha yakaendelea. Hakuna aliyesema tumedanganywa, kwa sababu alishasema mapema kuna vitu vitakufa.

Hilo ndo nililoondoka nalo mimi, na nikalipeleka kazini wiki ileile. Nikaanza kuwapigia wateja kabla hawajanipigia. Dada, meli ipo nje inasubiri gati, inaweza kua leo usiku inaweza kua keshokutwa, sababu ni meli tatu ziko mbele yake. Kaka, karatasi yako ya ukaguzi ina herufi moja tofauti na namba ya chasisi, inaweza kupita, inaweza kurudishwa, mimi naona nusu kwa nusu. Sio kwamba wote walipenda. Bosi wangu alinikalisha chini akasema unawatia watu hofu bure, mteja anataka kusikia kesho. Mteja mmoja alichukua makaratasi yake akaenda kwa mtu aliyemwambia kesho (sijui ilikuaje huko na sikutaka kujua). Lakini mama mmoja wa Kigamboni aliyeagiza Noah ya biashara, meli yake ilichelewa vibaya sana, kila siku nilimpigia nikamwambia bado na nikamwambia kwa nini bado, ikafika mahali yeye ndo ananiambia leo nimeona mawimbi makubwa Feri, si nao watakua wamesimamisha? Nikajua huyu kashaanza kusubiri upepo. Simu zikipungua hivyo hata mimi napata muda wa kushughulika na karatasi zenyewe.

Nimegundua pia ukisema uwezekano lazima uwe umeujua. Kuna kijana tunafanya nae alikopa staili yangu akawa anawaambia watu nusu kwa nusu kwenye kila kitu, hata kwenye vitu ambavyo angepiga simu moja angepata jibu. Hiyo sasa sio ukweli, ni uvivu umevaa suti. Wale wa kule walikua wamepima, wamewasha injini zote 27 kwa majaribio tarehe 24 Januari roketi ikiwa imefungwa chini, ndo wakasema bado hatuna uhakika.

Dau la kijiweni mpaka kesho halijaisha. Mangi anasema imepaa imefika kalipe. Dogo anasema moja kati ya tatu imevunjika baharini kwa hiyo kahawa igawanywe kwa tatu, yeye anadaiwa theluthi mbili tu, na theluthi ya Mangi ailipe na kashata. Babu aliombwa ahukumu akasema yeye kesi ya kamari hahukumu.

Gari lenyewe linazunguka jua huko, raundi moja mwaka na nusu hivi, linavuka mpaka njia ya Mars, mwezi wa kumi 2020 lilipita kilomita kama milioni 7 toka kwa Mars. Na mwanzoni mwa 2025 fundi simu akanitumia meseji ikabidi nisimame barabarani nicheke. Tarehe 2 Januari ile ofisi ya dunia inayosajili vimondo na vijisayari ilikua imeorodhesha kijisayari kipya kinachopita karibu na dunia, wakakipa namba 2018 CN41, haikupita siku wakagundua ni Roadster, wakafuta. Nikamjibu, yaani limekaa miaka saba bila plate namba, limepata, limefutiwa usajili kesho yake. Akajibu na mimi nilijua tu ndo utakachoona, ila njoo jioni kijiweni, dogo anasema kama lilisajiliwa kua jiwe basi gari halikufika na dau linaanza upya.